Tikiti Ishirini na Nne

Kila Jumamosi Mbula aliamka mapema, akachota maji, akafagia mbele ya chumba chao kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa mkonge, nje ya Thika, kisha akampelekea baba yake chai shambani. Mama yake alikuwa amefariki, na kazi zote za nyumbani zilimwangukia yeye. Baba yake, Nzomo, alikuwa mkata mkonge asiye na mfano. Akishika panga, wenzake hubaki nyuma wakihema. Watu walimsifu, naye sifa hakuzikataa.

Jumamosi moja ya mwaka wa 1956 Nzomo hakwenda shambani. Alivaa shati lake la kanisani.

"Twende ofisi ya kazi," akamwambia Mbula. "Leo naandikwa kwenda kukata mkonge Tanganyika. Wewe unajua kusoma, utanitazamia kama jina langu limeandikwa sawasawa. Nikiondoka utakaa kwetu Ngoliba na susu."

Susu ndiye nyanya yake Mbula. Miguu ilikuwa imemkataa, na asipopandiwa shamba lake, angelala njaa.

"Na nani atatupandia?" Mbula akauliza.

"Mvua za Novemba zikija nitarudi nipande, kisha niende nikamalizie kazi. Si ndivyo ninavyofanya kila mwaka?"

Ni kweli. Pale Thika kazi ilihesabiwa kwa tikiti, yaani kadi ya siku thelathini za kazi. Mvua ikinyesha, Nzomo na wenzake hutia kadi mfukoni, wakaenda kwao kupanda, wakarudi kumalizia siku zilizobaki. Mwenye shamba alinung'unika, lakini alikuwa amezoea.

Ofisini walikuta foleni ndefu. Nyapara Kagwe, aliyekuja na lori la kuwachukua, alipitapita akiwahimiza. "Mkiulizwa kama mmeelewa, semeni ndiyo. Wenzenu wanangoja stesheni ya Ruiru, na garimoshi halimngoji mtu."

Karani, Bwana Idarous, aliwaita ndani kumi kumi, akawasomea mkataba kwa sauti tulivu. Mwajiri atawapa nyumba na chakula. Mgonjwa atatibiwa. Nauli ya kwenda na ya kurudi ni juu ya mwajiri. Mbula alisikiliza kwa furaha. Kumbe sheria ilimkumbuka mfanyakazi hata akiwa nchi ya watu!

Kisha Bwana Idarous akasoma, "Mfanyakazi atatimiza tikiti ishirini na nne mfululizo bila kuondoka, ndipo arudishwe kwao. Mmeelewa?"

"Ndiyo, bwana," wakajibu wote, na sauti ya Nzomo ikazishinda nyingine.

Mbula akahesabu. Tikiti ishirini na nne ni miaka miwili, na miaka miwili ina Novemba mbili. Lakini mtoto atawezaje kumsahihisha baba yake mbele ya wanaume wenzake? Nzomo alikwisha kugusa wino kwa kidole gumba.

"Baba," akasema, "Novemba hutakuwapo."

Kagwe akafyonya. "Mtoto huyu amelelewa wapi? Weka kidole, mzee."

"Nyamaza, Mbula," Nzomo akasema. Alikuwa ameona haya kupita kiasi.

Bwana Idarous aliivuta ile karatasi polepole, akaiweka mbali na kile kidole. "Mzee Nzomo, mimi nimekusomea. Sasa nieleze wewe. Utarudi lini?"

"Novemba, nipande. Kisha nimalizie tikiti."

Bwana Idarous hakucheka. "Huko hakuna kwenda na kurudi. Ukitia kidole hapa, ni miaka miwili. Ukiondoka kabla, umevunja mkataba."

"Hata mimi nilidhani tutarudi kupanda," mtu mmoja akasema nyuma, na wengine wakaitikia.

"Lori litachelewa," Kagwe akalalamika.

"Lingoje," Bwana Idarous akajibu. "Sheria inataka mtu aelewe kabla ya kutia kidole. Kusikia peke yake hakutoshi."

Nzomo aliufuta wino kidoleni. Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya foleni yote, akasema kwa Kikamba, "Jamani, mimi Nzomo nimesema ndiyo, na sikuwa nimeelewa." Akawaeleza neno kwa neno. Wenye wazee na mashamba ya kupanda wakarudi makwao. Wasio na wa kuwangoja wakaingia, wakatia vidole, wakaenda wakijua wanakokwenda.

Mbula alimtazama baba yake. Hata siku aliyowashinda wakataji wote wa shamba hakuwa amemwonea fahari kiasi kile.

Njiani kurudi nyumbani Nzomo alitangulia kwa hatua ndefu. Mbula aliogopa.

"Umenikasirikia, baba?"

"Nilikukasirikia. Nilidhani kwamba mwanamume haulizi. Ningeificha aibu ya dakika moja, na nyinyi wawili mngeilipa kwa njaa ya miaka miwili." Akamshika bega. "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mwalimu akisema 'mmeelewa?' na darasa zima liitikie ndiyo, nawe hujaelewa, inua mkono. Inua hata kama uko peke yako."