Gauni Jekundu la Rafal

"Huyu N ni nani?"

Rafal aliigeukia sauti ya mumewe, birika la chai mkononi. Muhannad, fundi viyoyozi wa hapa Hilla, Iraki, alikuwa ameishika simu ya mkewe.

"Umeanza kunipekua?"

"Nijibu! 'Kesho alfajiri, bustanini. Vaa lile gauni jekundu.' Nani huyo?"

"Nagham. Rafiki yangu wa kazini."

"Gauni jekundu alfajiri! Mnakwenda kuchuma tende?"

Rafal akamgeuzia mgongo, akamimina chai. Mgongo ule ulimchoma Muhannad kuliko jibu lolote. Alikumbuka manukato mapya, ubani kwenye mkoba, na zile nyimbo ambazo mkewe aliimba kwa siri. Akatoka nje, akampigia kaka wa mkewe.

"Sarmad, dada yako ana mtu. Kesho alfajiri, bustani ya mitende ng'ambo ya mto. Njoo ujionee."

"Nikimkuta naye, shemeji, usinishike mkono."

Kulipoanza kupambazuka, Muhannad aliruka ukuta wa udongo wa bustani. Akawaona wanawake watatu wenye mavazi mekundu. Hapakuwa na mwanamume. Mbele yao palikuwa na kinyago cha mwanamke, mkate wa shayiri na kikombe cha bia. Rafal alikuwa ameinua mikono kuielekea nyota kubwa ya mashariki, machozi yakimtiririka.

"Ishtar, malkia wa mbingu, mlainishe mume wangu. Nampenda, lakini naogopa kumwambia."

Kuti kavu likavunjika chini ya kiatu cha Muhannad. Wanawake wakapiga kelele.

"Muhannad! Umenifuata?"

"Haya ni mambo gani, Rafal?"

"Mabibi zetu wa zamani wa Babeli walimwomba mungu huyu papa hapa. Na mimi namwomba. Ndiyo siri yangu yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe? Gauni tu limekushinda!"

Breki zikalia nje. Geti likagongwa kwa mateke.

"Fungueni! Yuko wapi huyo mwanamume?"

Rafal akapauka. "Sarmad! Nani kamwambia?"

Muhannad akatazama chini. Akavua koti, akakifunika kinyago, akaenda getini.

"Mwanamume ni mimi," alisema akiwa amejaa mlangoni. "Mle mna wanawake tu, wanafungua kinywa. Nilimsingizia dada yako. Wivu tu."

Kofi likamtua shavuni.

"Nimekuja hapa kumuua dada yangu, kumbe wivu wako!"

Muhannad hakuinua mkono. Alibaki pale mlangoni mpaka gari la Sarmad likapotea.

Aliporudi, Nagham alishawasha gari lake na Rafal alikuwa anapanda.

"Twende nyumbani, mke wangu."

"Leo ningezikwa, Muhannad. Kwa simu yako."

"Nisamehe."

"Uliona rahisi kumuuliza Sarmad kuliko kuniuliza mimi."

Wakaondoka. Wiki nzima Rafal hakupokea simu za mumewe. Sarmad naye alimpigia Muhannad, akichokonoa: wanawake wale walivaa nini, walikula nini. Muhannad alimjibu jibu lilelile, hakuongeza neno.

Ijumaa alimwandikia Rafal:

"Sikuombi urudi. Nataka kujua tu: huyo Ishtar huwa unamwomba nini? Nimekuuliza wewe. Sijamuuliza mwingine."

Ujumbe ukasomwa. Chai ikapoa mbele yake. Kisha simu ikaita.

"Uko peke yako?" Rafal aliuliza.

"Peke yangu."

"Apa."

"Wallahi."

Akamsikia akivuta pumzi.

"Basi kaa chini. Ni habari ndefu."