Kitatange wa Ilham

Nilikwenda kupeleka maji ya mvua tu.

Ilham alinipigia simu jua likiwa linazama. Alisema maji ya tangi la samaki wake yamepungua, chumvi imezidi, na maji ya bomba ya hapa Garsen hayawafai. Mimi nina pipa la kukinga mvua. Nikajaza mtungi, nikamwambia Job, mume wangu, aangalie wali jikoni, narudi sasa hivi.

Nyumba yao iko nyuma ya soko la mbuzi. Ilham ni mtu wa Kipini. Rashad alipomwoa na kumleta huku kwenye vumbi, alikonda kwa kuikosa bahari. Basi Rashad akamletea bahari ndani ya nyumba: tangi la kioo refu mfano wa kitanda, taa ya buluu, pampu ya hewa, na matumbawe yaliyo hai. Humo akaweka vitatange, wale samaki bapa wenye rangi zinazowaka. Wadogo wao ni buluu iliyokolea, wana miduara myeupe. Wakikua miduara hupotea, ikaja mistari ya manjano. Ilham ndiye aliyenifundisha. Siku hizo alikuwa ameanza kucheka tena.

Kisha likaja jiwe la mwisho la matumbawe.

Rashad alilitoa kwenye mwamba ulio mbali na mdomo wa mto, mahali ambapo wavuvi wa Kipini hawatupi ndoana. Alisema mwiko huo ni maneno ya wazee tu. Ndani ya tundu la jiwe hilo alijificha kitatange mmoja mdogo. Haukupita muda, samaki wengine wote wakafa. Huyo akanenepa. Ilham akaanza kukohoa. Hospitalini walimpiga picha ya kifua, hawakuona kitu.

Nilibisha hodi adhana ya magharibi ikimalizika. Mlango ulikuwa wazi.

Harufu ilinipokea kwanza. Mwani... chaza waliooza... harufu ya ufuo maji yakipwa.

Ilham alikuwa ameketi sakafuni, shavu lake limegusa kioo. Upande wa pili, samaki naye alikuwa amegusa kioo. Samaki alipofungua mdomo, Ilham alifungua. Alipofunga, Ilham alifunga.

Nilidhani anamchezea.

Nikamuuliza Rashad yuko wapi. Akasema ameenda Malindi kutafuta betri, ile ya akiba imekufa na stima ya siku hizi haina uhakika. Nikamwambia hali yake siipendi, twende hospitali. Akatikisa kichwa, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, vimekunjamana kwa maji.

"Teresia, shoga yangu," akanong'ona. "Pampu isizime. Huyu anavuta pumzi yangu."

Nilitaka kumuuliza ana maana gani.

Stima ikakatika.

Feni ikazunguka polepole, ikasimama. Pampu ikatoa povu la mwisho.

Ilham akaanza kutweta.

Niliwasha tochi ya simu, nikampigia Job. Alikuja mbio na gari la kuazima. Tukamnyanyua Ilham. Tulipofika mlangoni macho yake yalipinduka, kifua kikasimama. Tulipomrudisha kwenye kioo, kikapanda tena. Tukajaribu mara ya pili. Ikawa vile vile. Job ni shemasi kanisani, mambo haya hajawahi kuyaamini. Safari hii yeye ndiye aliyemlaza tena kando ya kioo.

Nikachukua kikombe. Nilikuwa nimemwona Ilham akifanya hivyo stima ikipotea: unachota maji ya tangi, unayamwaga kutoka juu, ili hewa iingie. Nikachota, nikamwaga. Ilham akavuta pumzi. Nikachota tena. Mkono wangu ulizama hadi kwenye kiwiko. Garsen yote ilikuwa na joto, lakini maji yale yalikuwa baridi ya kuuma mfupa. Na kitu kilikuwa kinanigusa vidole, kikitokea ndani ya tundu la jiwe. Laini... kinaonja.

Sikuutoa mkono.

Job aliomba kwa sauti. Kisha akaacha kuomba, akachukua kikombe kingine.

Samaki akalala ubavu. Ilham akalala ubavu.

"Msichoke," alisema.

Hatukuchoka. Nataka watu walijue hilo. Tulichota bila kusimama, na samaki akafungua mdomo, asiufunge.

Maji yalimtoka Ilham mdomoni na puani, mengi, yakaenea sakafuni hadi kizingitini. Yalipokauka yaliacha chumvi. Stima iliporudi, pampu ikavuma, taa ya buluu ikawaka. Tukamtafuta samaki juu, chini, ndani ya tundu. Hakuwepo.

Baada ya maziko Rashad alilibeba jiwe kulirudisha. Wavuvi wa Kipini walikataa kumpakia, akaenda peke yake. Anasema pale palipokuwa na mwamba sasa ni mchanga mtupu.

Mwanamize, shangazi yake Ilham, aliniita nyuma ya jiko, mbali na waombolezaji. Akaniuliza ni nani aliyetia mkono ndani ya maji. Nikamwambia ni mimi na Job, lakini mimi nilianza, na mimi ndiye niliyeguswa.

"Pale mwambani pana mwenyewe," alisema. "Wazee walipatana naye. Sisi hatuchukui kwake, yeye hachukui kwetu. Mapatano yamevunjwa."

Nikauliza kama sasa yameisha.

Aliutazama mkono wangu. Kisha akalitazama tumbo langu.

"Una mimba, mwanangu."

Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata Job. Nikataka kumshika, akarudi nyuma, akajitanda buibui lake na kuondoka bila kuaga.

Mchungaji ameniombea. Sheikh aliyeletwa na Rashad naye amenisomea. Juzi nilienda kliniki. Muuguzi anaitwa Hamdi, binti mpole. Akaniwekea tumboni kile chombo cha umbo la pembe, akatega sikio. Akakisogeza. Akatega tena, kwa muda mrefu. Nikauliza kama moyo wa mtoto unapiga. Akasema unapiga.

"Nyinyi mnakaa karibu na bahari?" akauliza taratibu.

Nikamjibu tunakaa hapa hapa Garsen.

Alichukua leso, akajifuta sikio. Leso ililowa.