Zamu ya Kituo cha Saba

Asubuhi ile kituo cha saba kiliitika.

Mwaka huo wa 1974, Kasongo alikuwa mtu wa foni, redio ya kampuni moja ya mawese mjini Kisangani. Jenereta liliwaka saa moja tu kwa siku, na katika saa hiyo aliita vituo kumi na viwili vya msituni kwa zamu: kuita kila kimoja mara tatu, kusikiliza, kwenda kinachofuata. Amri ya ofisi ilikataza kuruka kituo, na ilikataza kumwacha aliyesema "ngoja". Hivyo hata cha saba, kilichozolewa na mafuriko pamoja na watu wake miaka mitatu nyuma, alikiita bado, kwa kuwa hakuna aliyekifuta katika orodha.

"Niko nasikia, papa," sauti ilisema taratibu. "Ngoja."

Akangoja. Chumba kikanuka matope ya mto. Siku ya pili alingoja robo saa, ya tatu nusu saa, na ya nne jenereta lilizimika yeye akiwa angali ameinamia pumzi nzito ya kituo cha saba iliyopanda na kushuka masikioni mwake, naye akijua, bila kuthubutu kuigusa swichi, kwamba kituo cha kumi na mbili, alikokuwa binti yake Asha na mimba iliyokwisha timia, hakijapata zamu tangu juzi.

Jioni alimwendea mama Madina, msomaji wa dua, akamweleza.

"Nyumba iko bure, haina watu, na wewe unaipigia hodi kila asubui, miaka tatu," mama Madina alinong'ona. "Ulizani hakuna mwenye atakuja kukaa mule?"

"Nifanye nini, mama?"

"Usiiite tena. Mukubwa wako akikasirika, bon, umutume kwangu, nimusomee na yeye."

Siku ya tano Kasongo alikiruka cha saba. Hakuna kilichotokea. Cha kumi na mbili kikaitika. Alikuwa Likunde, mwenye foni wa huko.

"Pole, papa Kasongo. Asha tulimuzika jana. Mutoto iko muzima."

"Mbona hamukumupeleka hospitali ya Isangi na pirogi, kwa mto?"

"Ni wewe ulikataza. Siku tatu ulituambia kwa foni, docteur ameshatoka Kisangani, tusimutikise Asha."

Kasongo alihesabu: siku zote tatu alikuwa akingoja kwenye cha saba.

"Alifika leo asubui, huyo docteur yako. Aliomba mutoto."

"Mulimupa?"

"Tulimupa, papa. Iko mutu wa pole. Ila nguo zake hazikauki."

Kasongo aliandika saa katika daftari, kwa mwandiko wake uleule. Jenereta lilikuwa na dakika arobaini bado, na cha saba kilikuwa hakijaitwa.