Ndimi za Bati

Soko la ngozi lilikuwa limefurika watu, na harufu ya gundi ilimkaba kila aliyeingia. Katikati ya msukumano huo, mikono miwili iliangukia ngozi moja. Ilikuwa ngozi ya kondoo, nyeupe, nyembamba, laini kama shavu la mtoto mchanga, na muuzaji alikuwa amebaki na hiyo tu.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mshona viatu ambaye sokoni hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Gundi, kwa sababu akishika jambo habanduki. Alivaa shati la bluu lililonyooshwa kwa pasi likanyooka, na viatu vya kahawia alivyovishona mwenyewe. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu, kilemba chekundu, na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Mwanamke huyo hakuonyesha dalili yoyote ya kuachia.

Gundi alieleza kwa adabu kwamba anaitaka kwa bitana ya viatu vya bibi harusi. Mwanamke akasema bibi harusi anaweza kuvaa bitana ya kitambaa na bado akaolewa vizuri, ila mivukuto yake haiwezi kuvaa kitambaa.

"Mivukuto ya nini, dada? Wewe ni mhunzi?"

"Ya kinanda cha mabomba. Kile cha kanisani."

"Kile kilichokufa?"

"Hakijafa. Kimekosa pumzi. Mivukuto imepasuka, na nimepata ngozi ya kuiziba, sasa umekuja wewe kuing'ang'ania kana kwamba ulizaliwa nayo."

Gundi akacheka, akaachia. Muuzaji mwenyewe alishangaa, maana tangu amfahamu hajawahi kumwona akiachia kitu. Lakini Gundi hakuondoka. Alimwonya kwamba ngozi nyembamba hivyo huvutika kwenye kona ikikatwa na mkono usiozoea. Inataka kisu cha mshona viatu na mkono wa mshona viatu.

"Kisu ninacho," mwanamke alisema.

"Na mkono?"

Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, bila haraka, kama mtu anayekagua mbao. "Njoo kesho baada ya Misa ya asubuhi," akasema. "Na usije na maneno mengi."

Alikuja na maneno mengi.

Kinanda kilikaa juu, kwenye roshani ya kwaya, kikubwa kama chumba cha kupanga. Mbele yalionekana mabomba marefu yanayong'aa, lakini nyuma yake yalijificha mengine mengi, ya mbao na ya bati, makubwa kama mtu na madogo kama kalamu. Kuyafikia ilibidi kupita ubavu ubavu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanamke yule, fundi wa vinanda, aliinama siku nzima bila kulalamika, kwa kuwa alijua alichokuwa anakipigania.

Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Miaka yote alikuwa akimfuata mwalimu wake, na sasa mwalimu alikuwa amestaafu, lakini kila parokia aliyokwenda walimwuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Halmashauri ya parokia hii ilitaka kinanda kikatwe kiuzwe kama chuma chakavu, kinunuliwe cha umeme. Paroko aliwasihi, wakakubali kwa shingo upande: Jumapili ya mwisho wa mwezi kipigwe Misa nzima. Kikimaliza bila kukwama, kibaki. Kikikwama, Jumatatu waje wenye misumeno. Fundi alijua kwamba kinanda hicho kikikatwa, hakuna paroko mwingine atakayemwita tena.

Basi wakakaa sakafuni, bega kwa bega, yeye akipaka gundi na mwenzake akikata ngozi. Kisu cha Gundi kilipita kwenye kona bila kuivuta hata kidogo. Fundi hakumsifu, ila siku ya pili alimletea mto wa kukalia. Siku mivukuto ilipojaa upepo kwa mara ya kwanza, ikapanda taratibu bila kuvuja, wakatazamana, na aliyeanza kumbusu mwenzake hajulikani hadi leo, maana kila mmoja hudai ni yeye.

Simu nazo zikaanza. Mchana Gundi akiwa kibandani kwake na misumari mdomoni, alipiga.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimo ndani ya kinanda."

"Kwani humo wanauza chakula?"

"Humu kuna panya mmoja, na yeye pia ana njaa. Leta cha watu wawili."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Gundi hakulisema. Si kwamba alilificha; alilisogeza kesho, na kesho yake akalisogeza tena. Jambo lenyewe lilipanda ngazi kwa miguu yake, limevaa gauni la zambarau na viatu vyeusi vilivyong'aa, likamkuta Gundi amepiga magoti na brashi mkononi. Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, na alikuwa mama yake mzazi.

Mama hakupaza sauti. Alimwambia fundi kwamba mume wake alipozikwa kutoka kanisa hili, kinanda hiki kilikwama kwenye sauti moja katikati ya Misa, kikalia juu ya jeneza mpaka umeme ulipokatwa. Watu walicheka. Siku hiyo alikula kiapo kwamba kitatoka. Kisha akasema kinanda kikishindwa Jumapili, fundi aondoke nacho na amwache mwanawe.

Fundi alifuta mikono kwenye ovaroli. Pole ya msiba aliitoa, na aliitoa kwa moyo. "Lakini kuhusu hayo mengine, mama, tuelewane," akasema. "Kinanda nimekubaliana na halmashauri, na masharti nitayatimiza. Mwanao sikumweka rehani. Huyo hakai wala kuondoka kwa sababu ya mabomba."

Mama alipoondoka, fundi alimgeukia Gundi, akamwuliza kwa nini hakumwambia. Gundi akasema aliogopa angemfukuza. Fundi akajibu kwamba angemfukuza kweli, halafu angemwita tena. Wakayamaliza hivyo, au walidhani wameyamaliza. Neno lililofichwa likifichuka huacha alama, hata likisamehewa.

Wiki ile ya mwisho fundi alikwenda kwa seremala kuchukua vipande vya mbao, akamwachia Gundi ufunguo wa roshani. Gundi alitaka kumfurahisha. Akaingia ndani akiwa na taa, na hapo akaona kitu kilichomkera jicho. Kwenye safu nzima ya mabomba ya bati, karibu na ncha ya juu, bati lilikuwa limekatwa likaacha ulimi mwembamba, na ulimi huo umejikunja kwa nje kama kifuniko cha kopo lililofunguliwa ovyo. Kwa mshona viatu, ukingo uliojikunja ni aibu. Alichukua nyundo yake ndogo, akazinyoosha ndimi zote, moja baada ya nyingine, mpaka safu ikawa laini kama imetoka kiwandani.

Ndimi hizo ndizo zinazoshika sauti ya bomba. Ukiukunja ulimi kidogo sauti hupanda, ukiufunga hushuka, na aliyeikunja safu ile alikuwa fundi mwenyewe, kwa sikio lake, siku nzima, mwanakwaya mmoja akimshikia vibonyezo wakati Gundi yuko kibandani.

Aliporudi alikaa, akabonyeza. Kinanda kikatoa sauti ya mbuzi mwenye homa. Alipanda ndani, akatazama, akashuka na uso usio na damu.

"Nani amegusa mabomba?"

"Ni mimi," Gundi alisema, anatabasamu, anangoja ahsante.

"Mama yako alikutuma lini?"

Tabasamu lilikaa usoni pake kidogo, kwa kuwa halikujua pa kwenda. Neno moja lingetosha, aseme hakujua. Lakini Gundi alikuwa na kiburi cha mtu mwaminifu, ambacho ni kibaya kuliko cha mwongo: mwongo hujitetea. Yeye aliweka ufunguo juu ya kiti, akashuka ngazi.

Gundi alipiga simu jioni ile, fundi hakupokea. Akapiga tena asubuhi, hakupokea. Baada ya hapo hakupiga.

Fundi aliingia ndani kwa hasira kuanza upya. Alipoushika ulimi wa kwanza ili aukunje, akaona unyuzi mweupe wa ngozi ya kondoo umenasa kwenye ukingo. Akasogeza taa. Kwenye bati lote hapakuwa na kovu hata moja la nyundo. Bomba la bati ni laini, hata ukucha huliacha na alama, lakini hapa kila pigo lilikuwa limepigwa juu ya kipande cha ngozi ya kondoo, polepole, ili bati lisiumie. Anayetumwa kuharibu hatandiki ngozi. Fundi aliketi palepale katikati ya mabomba, akalia kwa sauti, akajiita mjinga. Hasira hasara, na hasara yake alikuwa nayo mkononi.

Aliamua kwanza ajaribu kumaliza peke yake, na kazi ile haikubali mtu mmoja. Lazima mmoja aketi mbele ashike kibonyezo, na mwingine awe ndani aguseguse ulimi mpaka sauti ikae sawa. Alikwenda kwa wanakwaya. Wote waliangalia chini. Mwenyekiti alikuwa ameshapitisha neno.

Ndipo akapiga simu. Gundi alipokea. Zilisikika nyundo za sokoni tu.

"Usiponijibu ni sawa," fundi alisema. "Sikiliza. Nimeona unyuzi wa ngozi uliyotandika. Nilikuita msaliti, na wewe ulikuwa mjinga tu. Mimi nilikuwa mjinga zaidi. Nisamehe."

Upande wa pili nyundo moja iliwekwa chini.

"Nahitaji mtu wa kushika vibonyezo. Kwaya wamekatazwa. Hata wewe utakatazwa."

"Na nani?"

"Na mama yako."

"Mama yangu alinikataza kucheza na viatu vya watu," Gundi alisema. "Tazama nilivyoishia."

Fundi alicheka huku akilia, akamwambia aje mara moja, na aje bila nyundo.

Siku ya Jumamosi milango ya kanisa ilikuwa wazi na akina mama wanapamba maua, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema walijificha. Gundi alipita katikati yao na shati lake la bluu, akawasalimia mmoja mmoja, akapanda. Fundi alikuwa tayari ndani, haonekani. Ilibaki sauti yake ikitoka nyuma ya ukuta wa mabomba.

"Shika."

"Nimeshika."

"Inayofuata."

Walifanya kazi hivyo mpaka wakasahau kugombana. Kisha viatu vyeusi vikapanda ngazi. Mama alisimama kando ya mwanawe, akamwambia ashuke.

"Siwezi, mama. Nimeshika."

"Nimesema shuka. Kinanda hiki kilimpigia baba yako kelele mbele ya watu."

"Kilikuwa kibovu, mama, na sisi wote tulijua, hakuna aliyeita fundi." Kidole chake hakikuinuka, sauti ile moja ilikuwa inalia wakati wote, nyembamba, ikitafuta mahali pake. "Nilikuwa na wewe siku ile. Nilisikia watu wakicheka. Mimi pia inaniuma. Lakini sishuki."

Ndani, ulimi ukaguswa, na sauti ikaacha kuyumba. Mama aliisikia. Alikunja mikono, akabaki amesimama.

"Fundi," Gundi aliita, bila kugeuza macho kutoka kwa mama yake. "Unanisikia humo?"

"Nasikia kila kitu. Shika, usiongee."

"Nimeshika. Nataka kukuoa."

Sauti ile moja iliendelea kulia. Chini kanisani akina mama waliacha maua.

"Inayofuata," fundi alisema.

"Hilo ndilo jibu?"

"Jibu ni ndiyo. Sasa shika inayofuata, jua likishuka mabomba yatapoa na tutaanza upya."

Gundi akashika inayofuata. Mama yake alishuka ngazi, na hao wawili hawakumkimbilia.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, maana habari ya kugombewa hujaza watu kuliko mahubiri. Fundi alipiga mwenyewe, amevaa gauni la kijani ambalo Gundi hakujua kama analo. Halmashauri ilikaa kiti cha mbele, imetega masikio kama askari wa doria. Kinanda kilipiga wimbo wa mwanzo, kikapiga wa matoleo, kikapiga wa komunyo, na kila mara kilipovuta pumzi watu walivuta nacho. Hakikukwama. Kwenye wimbo wa mwisho hata wazee wa halmashauri waliimba, wakasahau wamekuja kuhukumu. Mwenyekiti peke yake hakuimba. Alisikiliza mpaka mwisho na leso mkononi.

Watu walipoanza kutoka, alipanda.

"Kimelia," alisema.

"Kimelia, mama," fundi akajibu.

"Neno la halmashauri ni neno. Kitabaki." Akamtazama mwanawe, kisha akamtazama yule mwanamke wa gauni la kijani. "Lakini kwenye harusi yenu msinitarajie. Siji."

Fundi ndiye aliyejibu, bila ukali na bila kuomba.

"Tutafunga hapahapa, mama, na nitakuwekea kiti cha mbele. Usipokuja kitakaa kitupu na kila mtu atauliza ni cha nani, nami nitawaambia. Sitamkalisha mtu mwingine."

Mama aligeuka akaanza kushuka, mkono kwenye ukingo wa ngazi. Fundi akakaa tena, akatia kidole, na kinanda kikaanza kupiga wakati mama bado yumo ngazini. Kwenye kidato cha katikati alisita. Alibaki hapo, mgongo wake ukiwaelekea, mpaka wimbo ulipokwisha.