Sahani ya Noeli

Tairi la lori lilipasuka, na soko zima la Gitega likalala chini. Miaka ile ya vita hakuna aliyengoja kuuliza ni mlio wa nini. Houssein, fundi cherehani, alijitupa chini ya meza yake akakuta nafasi imeshachukuliwa. Msichana mwenye kitenge cha maua ya njano alikuwa amejikunja pale.

"Sogea kidogo, dada."

"Nisogee wapi? Tafuta meza yako!"

"Hii ndiyo meza yangu."

Watu walipojua ni tairi, waliinuka wakicheka na kujipangusa vumbi. Msichana aliinuka pia, lakini mkono wa blauzi yake ulibaki kwenye pedeli ya cherehani.

"Angalia sasa! Na kesho ni Noeli. Niingie misa kanisani Mushasha na bega nje?"

"Kaa hapo. Mashine iliyokuchania ndiyo itakushonea."

"Bei gani?"

"Jina lako tu."

"Sandrine. Na we unatongoza mbio kuliko unavyoshona."

Sandrine alitoka Bukavu. Alikimbia vita ya kule akakutana na vita ya huku, akawa anauza vitenge upande wa pili wa soko. Houssein alizaliwa hapohapo Gitega, Mwislamu, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi.

Siku ya Noeli Sandrine alimletea wali na kuku kwenye sahani ya bati nyeupe, ukingo wa buluu, yenye alama iliyobanduka rangi mfano wa harage.

"Kula, fundi. Mais, lakini sahani usinirudishie, umesikia?"

Houssein aliona ni utani wa kike. Kwao sahani ya jirani hairudi tupu. Ya Noeli inakuja na nyama, inarudi na maandazi. Ya Idi inakwenda na pilau, inarudi na ndizi. Ijumaa iliyofuata akairudisha imejaa maandazi na tende. Sandrine aliitazama sahani ile kwa muda, akafungua mdomo aseme neno. Kisha akayaona macho ya Houssein, akala andazi. Neno lile likabaki bila kusemwa.

Basi sahani ikawa inakwenda na kurudi. Mvua za masika zilipofika, Houssein aliitazama kama wengine wanavyoitazama pete.

Mwezi wa sita Sandrine alihamia Muyinga kwa muda, kwa sababu vitenge vya kutoka Tanzania vilikuwa rahisi kule. Alimwachia namba ya duka lenye simu. Houssein akaenda kwenye kibanda cha simu karibu na posta, amevaa shati lililopigwa pasi kana kwamba ataonekana.

"Allo?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito.

"Namtafuta Sandrine."

"Sandrine iko sokoni. Nimwambie nani?"

"We ni nani?"

"Murhula, mwenye duka. Jana amenipikia sombe, majani ya muhogo, tamu kabisa..."

"Sijauliza habari ya sombe!"

Siku hiyo Houssein alijichoma sindano mara nyingi. Dada yake, Swabra, alimcheka. "Kaka, unashona nguo au unajishona we mwenyewe?"

Hakuweza kuvumilia. Alipanda lori kwenye msafara uliosindikizwa na askari, akafika Muyinga na vumbi hadi kwenye kope. Dukani alimkuta mwanamume mrefu, shati jeupe, anakula. Ukingo wa buluu. Alama ya harage. Sandrine alikuwa amesimama pembeni, anatabasamu.

"Mi nimesafiri njia yote hii," Houssein alisema, "kuangalia mtu anakula kwenye sahani yangu?"

"Sahani yako? Mama yangu ndiye aliinunua Bukavu!"

"Nilifikiri ni yetu."

"Chéri, keti kwanza nikueleze."

"Mweleze huyo. Ndiye anayeshiba."

Murhula aliinuka, akafungua mdomo, lakini Houssein alikuwa ameshafika barabarani. Sandrine akamfuata hadi mlangoni, machozi na hasira pamoja. "Nenda! Na huo wivu ushone kanzu uvae!"

Gitega nzima iliona mabadiliko. Fundi alishona mifuko ndani nje, hakujibu salamu, hakupita tena njia ya posta. Swabra alimwekea chakula, chakula kikapoa. Usingizini aliona shati jeupe. Akiwa macho aliona kijiko kinapanda na kushuka.

Asubuhi moja mama Monique, mwalimu wa Mushasha, alisimama mbele ya meza yake na kitu kilichofunikwa kitambaa. Houssein alijua amekuja kulalamika juu ya nguo yake. Mama Monique akafunua kitambaa: maharage na ndizi, ukingo wa buluu, alama ya harage.

Houssein alisimama. "Umeitoa wapi hii?"

"Nilipolazwa hospitali bila mtu wa kuniletea hata uji, dereva wa lori aliniletea imejaa. Yeye alipewa na mwenye duka mmoja Muyinga, baba wa watu, mke wake aliuawa njiani wakati wa Pasaka. Tangu mazishi alikuwa hapiki wala hali. Mwenye duka naye alipewa na binti wa Kongo."

"Na kwa nini unaniletea mimi?"

"Ni sahani ya Noeli, fundi. Kwa yule binti Noeli haiishi Desemba, inatembea mwaka mzima. Ukishakula, unamtafuta mwenye upweke kukuzidi, unamjazia. Hairudi kwa aliyekupa. Na mi nimezunguka mji huu, uso mpweke kama wako sijauona. Umenishonea mikono yote miwili ya kulia!"

Usinirudishie. Houssein alikaa chini akala, na chumvi ya machozi ikaingia kwenye maharage. Kisha akaenda kibandani.

"Allo?"

"Murhula, ni Houssein. Nisamehe, ndugu yangu. Sikujua umefiwa."

"Mi pia nilikuwa na wivu kwa mke wangu," Murhula alisema. "Leo ningetoa duka lote nipate wa kumwonea wivu. Ngoja, huyu hapa ananinyang'anya simu."

"Umekula?" Sandrine aliuliza.

"Nimekula. Kwa nini hukuniambia siku ile ya maandazi?"

"Niliogopa ungeacha kuja."

"Sasa nifanye nini? Nataka kukuletea, na wanasema hairudi nyuma."

"Sahani ndiyo hairudi, bête, mjinga we. Mi naweza kurudi."

Sandrine aliteremka kwenye lori mchana wa jua kali, amevaa kitenge kilekile cha maua ya njano.

"Sahani iko wapi?"

"Nimempa askari kwenye kizuizi cha barabara. Alikuwa anatazama midomo ya watu wanaokula. Sijui sasa iko kwa nani."

"Na huna wivu?"

"Ninao. Lakini nimekununulia hii." Alitoa sahani mpya, pana, ukingo mwekundu. "Hii haitembei. Ni ya nyumbani. Ya mimi na we, ukikubali."

Sandrine aliigonga kwa kucha, akaisikiliza. "Mama yako atasema nini, Mkristo nyumbani?"

"Ameuliza kama unajua kupika sombe."

Sandrine alicheka hadi akashika mkono wa Houssein. "Basi nimekubali. Lakini Murhula atakuja harusini."

Houssein aliipangusa sahani mpya kwa ncha ya shati.

"Aje," alisema. "Atakaa nyuma."