Amplifaya ya Mzee Mutie

Siku ya soko Kwa Vonza, watu walikuwa wamejaa kuanzia kwa wauza maembe hadi kwa wauza kamba za mkonge, na mbele ya kibanda cha Syombua kulikuwa na foleni ya redio zilizonyamaza. Akina mama walizileta zimefungwa kwa leso kama watoto wagonjwa. Syombua alikuwa na miaka ishirini na sita, amevaa koti la bluu la fundi juu ya gauni la manjano, nywele kazifunga kwa waya mwekundu kwa sababu kitambaa kilikuwa kimepotelea kati ya makopo ya skrubu. Ndipo mkokoteni ukasimama mbele yake, na mwanamume mrefu, gitaa mgongoni, akauliza fundi yuko wapi.

"Umesimama mbele yake," akasema Syombua bila kuinua kichwa.

Mwanamume akatazama nyuma ya kibanda, kisha chini ya meza. "Namwona dada tu."

"Basi mwambie dada kilichokuleta. Akishindwa, tutamwita huyo fundi unayemtafuta chini ya meza."

Akina mama wakacheka, naye akacheka. Alikuwa na shati la rangi ya haradali lenye kola pana, la mtindo ulioisha zamani, na viatu vilivyojaa vumbi. Jina lake alilitaja kuwa Mulei, kiongozi wa bendi kule Matiliku, upande wa Makueni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na amplifaya ya gitaa iliyopigwa na jenereta mbovu katika harusi moja. Syombua akaifungua, akanusa, akafunga. Transfoma ilikuwa imeungua na ubao wa ndani umekuwa mkaa. Akamwambia huyo wa kuzikwa tu.

Mulei akaketi juu ya debe. Desemba yote ijayo bendi ilikuwa imeitwa huku na huku, na Januari kuna mtu Nairobi aliyekubali kuwarekodi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu, kama akitafuta nyingine atafute ya namna gani.

Syombua angeweza kumwambia kwa mdomo. Lakini alikuwa ameona jinsi vidole vya huyu mtu vilivyokuwa vikigonga debe kwa mpangilio, hata katika huzuni. Akamwita aingie nyuma ya kibanda, nyumbani kwao, ili asikie kwanza amplifaya inavyopaswa kulia.

Amplifaya ya pale nyumbani ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Mutie. Aliinunua mwaka wa sitini na nne kwa Mzungu wa hoteli moja ya Nairobi aliyekuwa akifunga virago. Ni ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, na ndani nyaya zote zimelehemiwa kwa mkono, moja kwa moja, hakuna ubao. Kila mwezi Syombua aliiamsha, maana baba alimwambia kitu cha valvu kikilala sana hufa usingizini. Hakuiwasha kwa ghafla. Aliunganisha balbu kwenye waya ili stima iingie kidogo kidogo, akangoja, halafu ndipo akaipa stima kamili kutoka kwa jenereta ya Ndeti, jirani mwenye duka la jumla.

Mulei akachomeka gitaa. Nyuzi za juu zikatoka safi, tamu, na alipokaza mkono sauti ikapasuka kidogo pembeni, kama mtu anayeimba huku anacheka. Mama Mbinya, mama yake Syombua, akatoka jikoni na unga mikononi, akaketi kizingitini. Tangu mzee afariki hakuna aliyekuwa amepiga kitu pale. Mulei alipomaliza alimwamkia kwa heshima, akamwita mwaitu, kama mwana anavyomwita mama, na mama akaitikia, akarudi kwa unga wake.

Tangu siku hiyo Mulei akawa mtu wa kila soko. Mara ameleta waya uliolegea kidogo, mara kipaza sauti kinachokohoa. Syombua aligundua kwamba nyaya zile zililegezwa kwa kisu, akanyamaza, akazilehemu. Kila Jumatano Mulei alipiga simu kutoka kibanda cha posta, na simu ililia dukani kwa Ndeti, ambaye angemwita Syombua kwa sauti ya kusikika hadi soko la mbuzi, kisha akajifanya anapima sukari.

"Umekula, Fundi?" Mulei angeuliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula nusu. Nusu nyingine nimekuwekea, mwendwa."

"Wacha uongo. Ndeti anasikia."

"Mwambie Ndeti naye nimemwekea."

Ndeti angesema huo ndio ukarimu, halafu sukari ingezidi mizani. Syombua alirudi kibandani akitembea kama mtu aliyesahau kitu na hakumbuki ni nini. Neno hilo, mwendwa, yaani mpenzi, aliitwa kwa mara ya kwanza na mtu asiyekuwa nyanya yake.

Mwishoni mwa Oktoba ikaja habari kutoka Emali. Gachanja, mfanyabiashara wa barabara ya Mombasa, alikuwa ameletewa amplifaya ya valvu, mpya kabisa, iliyotengenezwa ng'ambo kwa sura ileile ya zile za miaka ya sitini. Kitambaa kile, vifungo vile, hata rangi. Mulei alienda akaijaribu, akaomba apewe siku chache za kufikiri, akaahidi kwamba soko lijalo atakuja kwa Syombua kuamua.

Syombua alijua ataulizwa nini. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi, wakichambua kunde, akamuuliza mama kama ile ya baba inaweza kutoka.

Mama Mbinya akaendelea kuchambua. "Kitu cha baba yako hakitoki hapa na mtu wa njia," akasema. "Kikitoka, kitoke na mtu wa nyumbani, aliyeleta mbuzi wa ntheo tukawachinja, watu wakajua huyu ni wetu. Na wewe usimwambie hivyo. Msichana hajiitii mbuzi."

Ndivyo ilivyo kwa Wakamba. Bila mbuzi wa ntheo hakuna ndoa, hata kama mnaimba kwaya moja. Na mbuzi hao huletwa na mwanamume kwa kupenda kwake. Kumwambia Mulei kwamba ile amplifaya ina masharti hayo ingekuwa kumwambia, nioe. Syombua alikuwa fundi mbele ya wanaume wa soko zima bila kuona haya, lakini hilo lilimshinda.

Mulei akaja siku ya soko, amepiga pasi shati jeupe, amenyoa. Akasimama badala ya kuketi.

"Niambie ukweli, Fundi. Nichukue ile mpya ya Gachanja, ama mwaitu anaweza kuniachia ile ya mzee?"

Syombua akashika kile alichokijua. Akamweleza kwamba ile ya zamani ina sauti ambayo mpya haijaifikia, maana transfoma zake ni za chuma cha siku zile na kila kitu ndani kimezoeana. Lakini kapasita zake zimezeeka, valvu zake zinatafutwa kama dawa, na barabara za Mbooni na Matiliku zitaitikisa hadi imwage meno. Itataka kufunguliwa kila mwezi. Ile mpya valvu zake ziko Nairobi, na ina waranti. Sauti yake ni kavu kidogo, lakini itafika harusini na kurudi.

"Yote hayo ni kweli?" Mulei akauliza.

"Ni kweli."

"Ile ya mzee ingetaka fundi kila mwezi. Mpya haitaki."

"Haitaki."

"Kwa hiyo nikichukua mpya sitakuwa na haja ya kuja hapa."

Mulei alimtazama. Syombua alikuwa ameinamia redio ya mtu, chuma cha kulehemu mkononi, na moshi wa lehemu ukimwingia machoni. Neno moja tu lake lingemzuia. Akasema, "Chukua mpya. Kwa kazi yako ndiyo nzuri."

Mulei akasema asante. Akamuaga mama kwa adabu, akaondoka, na hakugeuka.

Jumatano ya kwanza simu haikulia. Ya pili ililia, ikawa ni mtu wa unga. Ya tatu Ndeti mwenyewe alitoka nje, akamwambia simu ni nzima, ameijaribu. Syombua alisema yeye hakuuliza. Alitengeneza redio kumi na nne wiki hiyo, na moja alimrudishia mwenyewe ikiwa na spika ya mtu mwingine.

Mwishowe alienda dukani, akaomba kumpigia Gachanja. Alijiambia ni mambo ya kazi. Kila fundi hutaka kujua kifaa alichokishauri kinaendeleaje.

"Alichukua," akasema Gachanja kwenye simu. "Lakini inavuma. Nimeisikia kwa harusi juzi, inavuma kama mzinga wa nyuki. Nikamwambia, si upeleke kwa yule fundi wako wa Kwa Vonza? Unajua alinijibu nini?"

"Sijui."

"Ati fundi alimfukuza. Ati alimuuliza kwa njia ya heshima na akaonyeshwa mlango kwa njia ya heshima. Wewe ni nani, unaulizia?"

Syombua akashukuru, akakata. Ndeti akapima sukari, na kwa mara ya kwanza mizani ikalingana.

Syombua alimkuta mama akipepeta. Akamwambia Jumamosi anakwenda Matiliku. Mama akauliza kufanya nini. Syombua akasema kuna amplifaya inavuma. Mama akapepeta ungo mzima kabla ya kujibu, kisha akamwambia avae lile gauni la manjano, maana koti la bluu lina shimo la asidi mgongoni.

Jumamosi hiyo kulikuwa na harambee ya shule kule Matiliku, saa za mchana, hema limesimikwa na viti vimekopwa kanisani. Syombua aliisikia amplifaya kabla ya kuiona. Mpya, nzuri, sura ya mwaka wa sitini na nne, na mvumo mzito chini ya kila wimbo. Mulei alikuwa anapiga akiwa amekunja uso. Alipoliona gauni la manjano kati ya watu, hakutabasamu, lakini hakuondoa macho.

Kwenye mapumziko ya mgeni wa heshima, Syombua akapita moja kwa moja hadi nyuma ya jukwaa. Akamsalimia Muli, mpiga besi, akaomba kigingi cha chuma cha hema, nyundo na mtungi wa maji. Muli akamuuliza kama anataka kupika. Syombua akapigilia kigingi ardhini karibu na jenereta, akafunga waya kutoka kwenye fremu ya jenereta hadi kwenye kigingi, akamwaga maji ardhi ikanywa. Kisha akafungua kisanduku cha amplifaya kwa nyuma, akaikaza valvu moja iliyolegezwa na barabara.

Mvumo ukafa. Hema likawa kimya hata watu wakatazamana.

"Amplifaya haina shida," Syombua akamwambia Mulei, akijipangusa mikono kwa majani. "Jenereta haikuwa na arthi, waya wa kushusha stima ardhini. Nilikushauri vizuri, ni nzuri."

"Nashukuru," akasema Mulei. "Umetoka Kwa Vonza kuja kuniambia hilo?"

"Hapana."

Muli akaanza kukung'uta besi isiyokuwa na vumbi.

"Ile ya baba haitoki nyumbani na mtu wa njia," Syombua akasema. "Inatoka na mtu aliyeleta ntheo. Mama alinikataza kusema. Kwa hiyo nilikwambia uchukue mpya. Sikukufukuza. Nilishindwa kukuita."

Mwalimu mkuu alikuwa tayari ametaja bendi kwenye kipaza sauti, mara mbili, na mgeni wa heshima amegeuza kiti. Mulei akapanda, akachomeka gitaa, akaanza. Kwenye kiitikio cha pili akakosea mahali ambapo hajawahi kukosea, na Muli akamtazama kwa mshangao wa kweli. Akapiga hadi mwisho, safi, hakuna nyuki, watu wakainuka kutoka viti vya kanisa wakacheza na vumbi likapanda.

Aliposhuka, shati limeloa jasho, alikuja akasimama pale kwenye matope ya kigingi.

"Hii mpya itazunguka na mimi," akasema. "Ile ya mzee ikae palepale. Sitaki itoke. Nitakuwa naifuata mimi, nyumbani."

"Kila mwezi?"

"Mwezi ni mrefu, Fundi." Akatazama viatu vyake, halafu akamtazama yeye. "Sasa niambie kitu kimoja, na usinifiche kwa mambo ya kapasita. Mwaitu anapenda mbuzi wa rangi gani?"

Syombua alicheka, na machozi yakatoka bila moshi wowote.

"Mama hajali rangi," akasema. "Anataka tu waje na wazee wako, si kwa mkokoteni."