Aliyebisha Tukicheka

Shemeji yangu Ireri hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu kule Nkubu walikoishi yanasemwa mengi. Alikuwa fundi wa televisheni pale Makutano, na alipenda sinema kuliko chakula. Za aina mbili tu. Kwanza zile za anga za mbali, za polepole, ambapo mtu hutazama nyota dirishani mpaka chai yako inapoa. "Zinakuacha uogope mwenyewe," aliniambia, "hakuna anayekusukuma." Pili ni za kutisha zenye kuchekesha: mtu anakatwa kichwa, nawe unashika mbavu.

Dada yangu Kawira, mkewe, hakuzielewa. "Baba Kiende, mtu akifa wewe unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu si mimi."

Mengine alinisimulia Kawira, mengine niliyaona.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mawingu yameshukia mibuni. Ireri alikuwa amepata sinema iliyochanganya ladha zake zote mbili, akamketisha mkewe kochini. Baba yake, Mzee Mithika, aliyeishi nao, alichungulia mlangoni akiwa amekunja suruali. Alitaka kusugua tangi la simiti lililochimbwa nyuma ya nyumba kabla mvua haijaanza.

"Njoo unishikie ngazi," alisema.

"Nakuja, baba. Acha hii iishe kidogo."

Haikuisha. Chombo kilielea, kikaelea. Hatimaye mwanaanga mmoja akafungiwa nje, akawa anabisha mlango, ngo, ngo, ngo, huku wenzake ndani wakigombania kipande cha mwisho cha keki. Ireri alicheka mpaka akatoa machozi. Kila pigo lilipokuja alicheka upya. Mvua ikanguruma juu ya mabati. Safari hii hata Kawira alicheka.

Kisha stima ikapotea. Kioo kikawa cheusi.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Huyu jamaa hata stima haimzuii," Ireri akasema, bado anacheka.

Kawira akamshika mkono. "Baba yuko wapi?"

Walikimbia. Ngazi ilikuwa imeteleza na kuangukia ndani ya tangi. Mzee Mithika alielea kifudifudi kwenye maji ya mvua, kisogo kimepasuka. Majirani walisaidia kumtoa. Angeline, muuguzi wa ng'ambo ya shamba, alijaribu kuikunja mikono yake. Ilikuwa imeanza kukakamaa kama kuni.

"Huyu ameenda kitambo," alinong'ona. "Kabla hata mvua haijaanza."

"Lakini tumemsikia sasa hivi akibisha," Kawira alisema.

Mzee alikuwa amelazwa nyasini mbele yao. Na kutoka ndani ya tangi: ngo. Ngo. Ngo.

Baada ya mazishi Ireri alilijaza tangi mawe, akalifunika kwa simiti. Haikusaidia. Kubisha kulihamia mlangoni, mchana kweupe, kila mara mtu alipocheka. Kiende, binti yao mdogo, alichekeshwa na paka. Ngo. Ireri akamziba mdomo kwa kiganja. Akazoea kumziba. Siku moja Kawira alitoka shambani akamkuta amemziba hadi macho ya mtoto yamegeuka. Aliondoka naye siku hiyo hiyo, wakaja kwangu Kaaga.

Ireri alibaki peke yake. Mwezi ulipokaribia kwisha, alipiga simu. Kawira aliweka spika nami nisikie.

"Anabisha hata nisipocheka," alinong'ona.

"Usifungue."

"Anasema amenyeshewa."

"Baba Kiende, usifungue. Tunakuja."

Tukasikia komeo likivutwa. Kisha sauti ya Ireri, ya upole sana:

"Karibu, baba. Keti."

Tulifika jua bado liko juu. Mlango ulikuwa wazi. Ireri alikuwa kochini, akiitazama televisheni iliyozimwa. Mdomo wazi. Mabega yakitikisika. Machozi yakimtiririka. Alikuwa anacheka bila sauti.

Hajaacha hadi leo. Hula akicheka, chakula kikimwagika. Hulala akicheka. Midomo imempasuka pembeni, vidonda havipati nafasi ya kupona. Hospitali walimpa dawa, wakamrudisha. Macho yake hayacheki. Macho yake yanaomba.

Kochi tulilichoma. Sasa anaishi kwangu, na mchana humkalisha kwenye benchi sebuleni. Ubao wa benchi ulio kando yake, upande wa kushoto, haukauki. Nimeupanguza. Nimeuanika. Nimebadilisha benchi lenyewe. Maji hurudi, yana harufu ya tope la zamani, na sakafuni chini yake hubaki alama za nyayo za mtu aliyeketi, visigino ukutani, vidole vikielekea mbele kama vya anayetazama televisheni.

Leo asubuhi nilipopiga deki nilizikuta tena. Visigino viko palepale.

Vidole vimegeukia chumba cha Kiende.